Je, Wajua? Mlisho Husahau, Hifadhidata Hukumbuka

Nyuma ya kurasa za tovuti nyingi za habari kuna faili moja ndogo ya maandishi matupu. Haina mapambo wala matangazo. Inaorodhesha tu yaliyochapishwa karibuni: kichwa, muhtasari, kiungo na saa. Faili hiyo huitwa mlisho, na kwa kuwa iliandikwa isomwe na programu, wasomaji wengi hawajawahi kuiona. Ukiielekeza kwenye hifadhidata kwa kutumia zile programu za kuunganisha kazi zisizomdai mtu aandike msimbo mrefu, unapata kitu ambacho zamani kilihitaji idara nzima ya kompyuta: kumbukumbu inayojijaza usiku na mchana, na mwenyewe ni wewe. Haya ni mambo ambayo huenda hukuyajua kuhusu safari hiyo ya kutoka kwenye mlisho hadi kwenye jedwali.

1. Je, wajua kwamba RSS ilibuniwa kwa ajili ya ukurasa mmoja tu?

Machi 1999, kampuni ya Netscape ya Marekani ilikuwa na ukurasa ulioitwa My Netscape, ambapo kila msomaji alijichagulia vichwa vya habari kutoka tovuti alizozipenda. Ili tovuti hizo zilete vichwa vyao kwa mpangilio unaofanana, Ramanathan V. Guha na Dan Libby walibuni muundo wa mlisho uitwao RSS. Kufikia 2001 Netscape, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya AOL, ilikuwa imeuacha. Kwa kawaida kitu kikiachwa na kampuni iliyokizaa hufa. Huu haukufa, kwa sababu maelezo yake yalikuwa yamechapishwa wazi na watu wengine walikuwa wameshaanza kuutumia na kuuendeleza. Ndiyo maana hadi leo huhitaji ruhusa ya kampuni yoyote kutengeneza mlisho au kuusoma.

2. Je, wajua kwamba mmoja wa waandishi wa RSS 1.0 alikuwa na miaka 14?

Toleo hilo lilitoka Desemba 2000, na katika orodha ya waliolitunga yumo Aaron Swartz, aliyezaliwa Novemba 1986. Wenzake walijadiliana naye kwa baruapepe kama mtu mzima, wakipima hoja zake. Wakati huo waendelezaji wa RSS walikuwa wamegawanyika, na upande wa pili alikuwepo Dave Winer, aliyeuendeleza muundo huo kwa njia nyepesi zaidi hadi RSS 2.0 ya mwaka 2002. Mwaka uliofuata haki za maelezo ya RSS 2.0 zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Harvard, kikayatoa kwa leseni huria. Kundi la tatu lilitengeneza Atom, ambayo ilichapishwa kama kiwango cha intaneti kinachopendekezwa Desemba 2005. Mabishano ya makundi hayo yalikuwa makali, lakini mtumiaji wa leo hayamgusi: programu yoyote nzuri ya kusoma milisho inaelewa miundo yote.

3. Je, wajua kwamba habari ndani ya mlisho inaweza kukosa karibu kila kitu?

Kanuni za RSS 2.0 zinasema habari moja lazima iwe na kichwa au maelezo, angalau kimojawapo. Tarehe ni hiari, kiungo ni hiari, jina la mwandishi ni hiari. Atom ni kali zaidi: kila habari lazima iwe na kitambulisho chake, kichwa, na saa ilipobadilishwa mara ya mwisho.

Tofauti hiyo utaikuta siku ya kwanza ya kutengeneza jedwali. Ukiilazimisha safu ya tarehe isikubali kuwa tupu, habari isiyo na tarehe itakataliwa, na pengine mtiririko wote wa kazi utasimama hapo. Wazoefu huweka safu mbili za saa: moja ya saa iliyotajwa na chanzo, ambayo inaruhusiwa kuwa tupu, na nyingine ya saa ambayo mfumo wao wenyewe uliipokea habari, ambayo kamwe haiwi tupu. Hiyo ya pili hujazwa na hifadhidata yenyewe, kwa hiyo haitegemei uangalifu wa mchapishaji.

4. Je, wajua kwamba mlisho hauna kumbukumbu?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mlisho ni kama benchi la nafasi chache: anayekuja huketi mwanzoni, na aliye mwishoni huanguka. WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, huweka habari 10 katika mlisho wake usipobadilisha chochote. Mlisho wa chaneli ya YouTube huonyesha video 15 za karibuni. Kilichotoka humo hakirudi, na mlisho wenyewe haukuambii kwamba kuna kilichotoka.

Piga hesabu. Tovuti inayochapisha habari 40 kwa siku, ikiwa mlisho wake una nafasi 10, inaugeuza mlisho wote kila baada ya saa sita. Umeme ukikatika ofisini kwako usiku kucha, utakaporudi asubuhi baadhi ya habari zitakuwa zimekupita. Kwa hiyo muda wa kuusoma mlisho haupangwi kwa kubahatisha. Unatazama nafasi zilizomo, unatazama kasi ya mchapishaji, kisha unachagua muda mfupi kuliko ule unaotosha kuzijaza.

5. Je, wajua kwamba mamilioni ya watu waliwahi kumwachia mtu mwingine kumbukumbu yao?

Google Reader ilizinduliwa Oktoba 2005, na kwa miaka karibu minane ilikuwa msomaji mkuu wa milisho duniani. Ndani yake mlikuwa na hazina ambayo wengi hawakuifikiria: nakala za habari za zamani zilizokwisha kutoka kwenye milisho, nyingine kutoka tovuti ambazo hazipo tena. Tarehe 1 Julai 2013 huduma ilifungwa. Watumiaji waliweza kuondoka na orodha ya tovuti walizozifuatilia. Hazina ya habari za miaka yote hiyo ilibaki upande wa mwenye huduma, ingawa kundi la kujitolea la Archive Team lilihangaika kuokoa ilichoweza kabla ya mlango kufungwa. Anayeweka habari katika hifadhidata yake mwenyewe hana haja ya kusubiri waokoaji.

6. Je, wajua kwamba jedwali unalolitumia lina mizizi katika makala ya 1970?

Juni 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, alichapisha hoja rahisi kuieleza na nzito kwa matokeo yake: data ipangwe katika majedwali, na anayeitafuta aseme anachotaka bila kulazimika kujua imehifadhiwaje ndani ya mashine. Miaka minne baadaye Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni hiyohiyo walitoa lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo leo tunaiita SQL. Programu za hifadhidata za PostgreSQL, MySQL na SQLite zote zinaizungumza.

Na usidhani hifadhidata ni kitu cha mabenki pekee. SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 alipokuwa akishughulikia programu ya meli ya kivita ya Marekani, imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Hifadhidata yake nzima ni faili moja. Habari 40 kwa siku ni mistari 14,600 kwa mwaka. Kila mstari ukibeba kilobaiti 2, mwaka mzima haufiki megabaiti 30. Faili hiyo inaenea kwenye diski mweko ya bei ndogo kuliko zote dukani, na bado itabaki nafasi ya miaka mingi mbele.

7. Je, wajua kwamba pomboo wa MySQL ana jina linalopatikana Arusha?

MySQL, iliyotoka 1995, ina nembo ya pomboo. Wenye programu walipoitisha mashindano ya kumpa jina, mshindi alikuwa Ambrose Twebaze, mtengenezaji wa programu huria mwenye asili ya Uganda aliyekuwa akiishi Eswatini. Jina alilopendekeza ni Sakila. Kwa maelezo yake, ni jina la kike lenye asili ya Kiswati, na pia ni jina la mji mdogo mkoani Arusha, Tanzania. Mwongozo rasmi wa MySQL umeiandika habari hiyo. Zaidi ya hapo, hifadhidata ya mfano ambayo wanafunzi duniani kote hufanyia mazoezi ya MySQL nayo inaitwa Sakila. Mwanafunzi wa Brazil au Japani anayeandika swali lake la kwanza la SQL huenda analitaja jina la mahali palipo jirani na Mlima Meru bila kujua.

8. Je, wajua kwamba kanuni moja tu ndiyo inayozuia habari ileile kuingia mara mia?

Mlisho ukisomwa kila nusu saa, habari moja itaonekana tena na tena mpaka itakapotoka kwenye orodha. Bila kinga, jedwali litajaa nakala. Kinga ni kitambulisho: RSS 2.0 ina sehemu iitwayo guid, na Atom ina id. Ukiiambia hifadhidata kwamba kitambulisho hicho hakiruhusiwi kujirudia, itakataa nakala yenyewe, hata kama mtiririko wako umekosewa. Pale chanzo kisipoweka kitambulisho, kiungo cha habari hutumika badala yake.

Lakini kukataa tu hakutoshi. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, hutoa milisho ya matetemeko ya ardhi ya dunia nzima inayohuishwa kila dakika. Kuna mlisho wa matetemeko ya ukubwa wa 4.5 na zaidi, ambao ungebeba tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililoangusha nyumba mkoani Kagera tarehe 10 Septemba 2016. Makadirio ya kwanza ya tetemeko hutolewa haraka, kisha wataalamu huyapitia na kurekebisha ukubwa, kina na mahali. Mfumo unaokataa kila kilichokwisha kuingia utabaki na takwimu za dakika ya kwanza milele. Kinachotakiwa ni amri yenye matawi mawili: kama kitambulisho ni kipya, ingiza mstari, kama kipo, sasisha uliopo. PostgreSQL ilipata amri ya namna hiyo katika toleo la 9.5 la Januari 2016, na programu nyingi za kuunganisha kazi huiweka kama chaguo moja la kubofya.

9. Je, wajua kwamba tarehe za RSS hufuata kanuni ya baruapepe ya 1982?

Kanuni hiyo, RFC 822, ni ya zamani kuliko tovuti zenyewe, na iliruhusu mwaka uandikwe kwa tarakimu mbili. RSS 2.0 bado inaruhusu tarakimu mbili, ingawa inapendekeza nne. Atom hutumia mpangilio mpya unaoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ambao hata ukipangwa kwa herufi tu unakaa katika mfuatano sahihi, mradi saa zote ziwe za eneo moja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna hesabu mbili za kufanya. Tetemeko la Kagera limeandikwa katika kumbukumbu za kimataifa kuwa lilitokea saa 12:27 ya mchana kwa saa za dunia. Ongeza saa tatu, unapata 15:27. Kwa hesabu yetu ya mchana inayoanza alfajiri, hiyo ni saa tisa na dakika 27 alasiri. Ushauri wa wenye uzoefu ni mmoja: hifadhi saa ya dunia ndani ya jedwali, ugeuze wakati wa kuonyesha tu. Hifadhidata hujua kugeuza kwa kutumia orodha ya kimataifa ya majira, ambayo ndani yake Dar es Salaam na Kampala huelekezwa kwenye rekodi ya Nairobi. Rekodi hiyo ina kumbukumbu ndefu: inajua hata kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1940 saa za Nairobi ziliitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 45.

10. Je, wajua kwamba programu inaweza kuuliza "kuna jipya?" bila kupakua chochote?

Kuusoma mlisho kila dakika ni kuuomba mara 1,440 kwa siku. Kila nusu saa ni mara 48 tu. Kwa tovuti ndogo inayolipia kila gigabaiti, tofauti hiyo ni pesa. Itifaki ya HTTP imeweka njia ya staha: programu hutuma saa ya nakala yake ya mwisho, au alama ya toleo iliyopewa na seva safari iliyopita. Kama hakuna kilichobadilika, seva hujibu kwa namba 304 na kunyamaza. Hakuna faili inayosafiri.

Ipo hata njia ya kutouliza kabisa. WebSub, kiwango kilichopitishwa na W3C Januari 2018, humwezesha msomaji kujiandikisha mara moja, kisha taarifa ikamfuata yeye mara tu habari mpya inapotoka. Si tovuti zote zinazoitoa, kwa hiyo kuuliza kwa ratiba ya kiasi bado ndiyo njia ya kawaida.

11. Je, wajua kwamba wazo la kuunganisha programu moja na nyingine liliandikwa mwaka 1964?

Oktoba mwaka huo Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika kwamba programu zinapaswa kuungwa kama mpira wa kumwagilia bustani: kipande kimoja kikihitajika, unakichomeka kwenye kingine. Alisubiri miaka tisa. Mwaka 1973 Ken Thompson aliliingiza wazo hilo katika Unix kwa usiku mmoja, na tangu hapo matokeo ya programu moja huweza kumiminika moja kwa moja ndani ya nyingine.

Februari 2007 Yahoo ililileta wazo hilo kwa watu wa kawaida kupitia Yahoo Pipes. Ulivuta visanduku kwenye skrini, ukaviunganisha kwa mistari, na milisho ikachujwa, ikachanganywa na kupangwa upya bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Waandishi wa habari, walimu na watafiti waliipenda sana. Septemba 2015 ilizimwa, na kazi zote zilizojengwa ndani yake zikazimika nayo. Pipes iliacha mafunzo mawili ya kudumu: kwamba watu wasio waandishi wa programu wanaweza kujenga mifumo ya kweli wakipewa zana, na kwamba mtambo unaokaa kwenye seva ya mtu mwingine una tarehe ya mwisho usiyoijua.

12. Je, wajua kwamba leo unaweza kuusimika mtambo wa namna hiyo kwenye kompyuta yako?

Node-RED ilianzishwa IBM mwaka 2013 na Nick O'Leary na Dave Conway-Jones, ikatolewa huria mwaka huohuo. Ni nyepesi kiasi cha kuendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Huginn, ya Andrew Cantino, nayo ni ya 2013. n8n ilianzishwa Berlin mwaka 2019 na Jan Oberhauser. Unaweza kuisimika kwenye seva yako na kuuona msimbo wake, ingawa leseni yake inaweka mipaka kwa anayetaka kuiuza kama huduma. Kwa wasiotaka kusimika chochote zipo huduma za kulipia kama Zapier na Make.

Mtiririko wa kawaida una nodi nne, yaani visanduku vinne vilivyounganishwa. Ya kwanza ni kichochezi: saa inayosema "anza kila baada ya dakika 30". Ya pili husoma mlisho, tuseme wa BBC Swahili, au mlisho wa mabadiliko ya karibuni wa Wikipedia ya Kiswahili, na kuugawa katika habari moja moja. Ya tatu husafisha: inaondoa nafasi za ziada, inageuza tarehe, inajaza kilichokosekana. Ya nne huingiza au kusasisha mstari katika jedwali, na hapo ndipo unapooanisha kila sehemu ya habari na safu yake: kichwa kwenye kichwa, kiungo kwenye kiungo, guid kwenye kitambulisho.

Nodi ya tano wengi huisahau, nayo ndiyo inayotenganisha mfumo wa kuchezea na mfumo wa kutegemewa: nodi ya makosa. Tovuti ikibadilisha anwani ya mlisho wake, hakuna kengele itakayolia yenyewe. Jedwali litaacha tu kukua, na utagundua siku unapohitaji habari za mwezi uliopita. Weka ujumbe wa Telegram au baruapepe ukuarifu mtiririko unaposhindwa, na ujumbe mwingine ukuarifu kama siku nzima imepita bila mstari mpya.

13. Je, wajua kwamba emoji moja iliweza kuangusha mtiririko mzima?

Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi ambazo kila kompyuta inazijua, kwa hiyo wengi hudhani suala la usimbaji wa herufi haliwahusu. Kisha mhariri anaweka emoji ya moto kwenye kichwa cha habari. Mfumo wa UTF-8, ambao Ken Thompson huyohuyo na Rob Pike waliuchora kwenye karatasi ya mezani ya mgahawa huko New Jersey mwaka 1992, huiandika emoji kwa baiti nne. Lakini kile MySQL ilichokiita utf8 kilikuwa na nafasi ya baiti tatu tu. Matokeo yake yalikuwa kosa, au kichwa kilichokatwa katikati. Dawa ililetwa mwaka 2010 kwa jina la utf8mb4, na tangu MySQL 8.0 ndiyo inayotumika usipochagua. Ukirithi jedwali la zamani, hilo ndilo jambo la kwanza la kukagua.

14. Je, wajua kwamba kichwa cha habari kinaweza kuwa silaha?

Desemba 1998 jarida la Phrack lilichapisha maelezo ya jinsi mtu anavyoweza kuandika amri za SQL mahali panapotarajiwa maandishi ya kawaida, na hifadhidata ikazitii. Zaidi ya robo karne baadaye udhaifu huo bado unapatikana. Mlisho ni maandishi ya mtu usiyemjua, na unayaruhusu kuingia nyumbani mwako kila nusu saa. Usijenge amri ya SQL kwa kubandika kichwa cha habari katikati ya sentensi. Tumia nodi ya hifadhidata inayotenganisha amri na thamani. Unayo sababu ya kila siku pia, mbali na wadukuzi: alama ya ritifaa. Neno kama "ng'ombe" au "ng'ambo" likibandikwa ovyo ndani ya amri, ritifaa yake huonekana kuwa mwisho wa maandishi, na amri inavunjika. Anayehifadhi Kiswahili atakutana na kosa hilo mapema.

15. Je, wajua kwamba tahadhari za mvua kubwa nazo husafiri kwa milisho?

Mwaka 2004 shirika la viwango la OASIS lilipitisha muundo wa pamoja wa tahadhari uitwao CAP. Kila tahadhari hutaja mambo matatu kwa viwango maalumu: haraka inayotakiwa, ukali wa tukio na uhakika wa utabiri. Hutaja pia eneo linalohusika na muda wa kuanza na kuisha. Taasisi za hali ya hewa huzipanga tahadhari hizo ndani ya milisho ya RSS au Atom, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ni miongoni mwa zinazotumia muundo huo.

Fikiria redio ya jamii katika wilaya ya pwani. Mtiririko unaosoma mlisho wa tahadhari kila dakika tano, ukichuja zinazotaja mkoa wake na kumtumia mtangazaji ujumbe, hauhitaji mtambo mkubwa. Na zikihifadhiwa katika jedwali kwa miaka, tahadhari hizo hujibu maswali ya maana: zilitolewa ngapi kila masika, zilitangulia mvua kwa muda gani, na ni kata zipi zilizotajwa mara nyingi zaidi.

16. Je, wajua kwamba podikasti ni mlisho uleule?

Desemba 2000 Dave Winer aliongeza katika RSS sehemu ya kubebea kiungo cha faili ya sauti. Kwa miaka michache haikutumika sana. Juni 2005 Apple iliingiza podikasti katika iTunes, na sehemu hiyo ndogo ikawa msingi wa tasnia nzima. Hadi leo kipindi kikisambazwa kwa njia huria, kinachosambazwa ni mlisho wa RSS. Kwa hiyo mtiririko uleule wa nodi nne unaweza kuorodhesha kila kipindi cha Kiswahili unachokifuatilia: jina, tarehe, urefu na mahali faili ilipo.

17. Je, wajua kwamba kusoma kwa uhuru si ruhusa ya kuchapisha upya?

Mlisho kuwa wazi hakuondoi haki ya mwandishi. Kuhifadhi kichwa, tarehe na kiungo kwa utafiti wako ni jambo moja. Kumwaga makala nzima za watu kwenye tovuti yako ni jambo jingine, na sheria za hakimiliki zinaligusa. Heshima ya chini kabisa ni kuhifadhi jina la chanzo na kiungo katika kila mstari, na kumrudisha msomaji kule habari ilikotoka.

Uwezo huu sasa uko mikononi mwa maktaba ya wilaya, chumba kidogo cha habari, mwalimu wa Kiswahili anayekusanya matumizi ya maneno, au chama cha wakulima kinachofuatilia bei. Maandishi mengi ya Kiswahili huchapishwa mtandaoni kila siku, na mengi huondolewa tovuti zinapojengwa upya au kufungwa. Hakuna atakayetukusanyia kwa uangalifu ambao tungeutumia wenyewe.

Kuanza hakuhitaji makubwa. Chagua milisho mitatu unayoijali. Tengeneza jedwali lenye safu sita: kitambulisho kisichojirudia, chanzo, kichwa, kiungo, saa ya kuchapishwa na saa ya kupokelewa. Weka mtiririko usome kila nusu saa na ukuarifu unaposhindwa. Kila wiki toa nakala ya hifadhidata uiweke mahali pengine, mbali na mashine yenyewe. Fanya hivyo wiki hii, kwa kuwa mlisho hautakurudishia habari za mwaka jana hata ukiubembeleza. Utaanza kukumbuka kuanzia siku ile utakayouunganisha.